Safari ya Lamu: Kumzuru Ndugu Aliyeumia Ubongo

Tuliondoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, dada watatu wa tumbo moja, tukiwa na kikapu cha mahamri aliyotupikia mama na chupa ya chai. Basi lilivuka Daraja la Nyali jua likianza kuchomoza, likapita Mtwapa na Kilifi, na tulipofika Malindi watoto walikuwa wameshaingia madarasani. Baada ya mto Sabaki nchi hubadilika. Minazi hupungua, mashamba ya chumvi ya Gongoni hung'aa upande wa bahari, kisha huja nyika pana ya mto Tana na ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka. Tukapita Garsen, Witu na Hindi. Vizuizini tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena.

Wenzetu ndani ya basi walidhani tunakwenda arusini, kwa vile tulivyofungasha. Hatukuwasahihisha. Juma moja kabla ya safari hiyo, wifi yetu alituletea ujumbe mfupi katika simu: "Mawifi zangu, nimechoka. Njooni tuzungumze, au njooni mumchukue ndugu yenu." Mama aliposomewa ujumbe ule alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nendeni wote watatu." Mama ndiye aliyehesabu miezi. Tulikuwa hatujakanyaga Lamu kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Kaka yetu mkubwa ni seremala, na amekaa Lamu tangu alipooa. Miaka mitatu iliyopita alikuja Mombasa kununua mbao. Akapanda bodaboda bila helmeti, safari ya dakika kumi, na hakufika alikokuwa akienda. Siku tisa alilala hospitali bila kujifahamu. Tulisoma Yasini kwa zamu kando ya kitanda chake. Siku ya kumi alifungua macho, na baada ya miezi miwili alirudi kwake Lamu akitembea kwa miguu yake mwenyewe, kovu likiwa limefichwa na kofia. Sote tukasema Alhamdulillahi, amepona. Hapo ndipo tulipokosea, kwa kuwa tuliyaona mifupa na ngozi tu, na yaliyo ndani ya fuvu hatukuyauliza.

Mji wa mteremko

Barabara huishia Mokowe. Kutoka hapo safari ni ya boti, na mji wa Lamu hujitokeza polepole juu ya maji: ukuta wa nyumba za mawe, minara, majahazi yaliyofungwa, na wachukuzi wanaokusubiri gatini kabla hujawaita. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutoka mbali kutazama milango ya nakshi na ngome iliyokamilika mwaka 1821. Sisi tulikuwa tumeuona mara nyingi. Safari hii tulijikuta tukiutazama kwa jicho jingine, jicho la mtu ambaye kumbukumbu yake imetoboka.

Kwa mtu huyo Lamu ina neema zake. Katika vichochoro vya mji wa kale gari halipiti. Mzigo huchukuliwa na punda au mkokoteni, na anayekusukuma kando husema kwanza, "Simile!" Mji umejengwa juu ya mteremko unaoshuka baharini. Aliyepotea hana haja ya ramani. Afuate mteremko tu, atafika pwani, na akifika pwani atamkuta anayemjua. Mpwa wetu, kijana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyetufunza jambo hili alipokuwa akitubebea mikoba. "Baba akipotea hushuka," alisema. "Zamani nilikuwa nikimtafuta mji mzima. Siku hizi nakwenda kumngoja chini."

Kaka alikuwa ameketi barazani kwenye daka la nyumba yake. Alitutambua mara moja, akatuita kwa majina yetu ya utotoni, akacheka. Kisha akauliza, "Baba hajambo?"

Baba yetu alifariki miezi minne kabla ya ajali ile. Kaka ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Tulitazamana, asiwepo mwenye neno. Wifi ndiye aliyejibu kutoka mlangoni kwa sauti ya upole, isiyo na mshangao: "Baba ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Leo baada ya Alasiri tutamsomea." Kaka akainamisha kichwa, akasema, "Innaa lillahi," na baada ya dakika chache akaomba chai. Baadaye wifi alituambia kwamba huulizwa swali hilo mara mbili tatu kwa mwezi. Mwanzo alikuwa akimwambia, "Kwani umesahau?" na kaka alikuwa akilia kwa aibu kuliko kwa msiba. Kisha alijaribu kumwambia baba hajambo, akaona anamdanganya mumewe. Jibu hili la sasa alilipata mwenyewe, usiku, bila mtu wa kumshauri.

Jeraha lisiloonekana

Ni vyema tuseme waziwazi mambo ambayo sisi wenyewe tuliyajua kwa kuchelewa. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na madhara yake hayaishii pale palipogongwa. Kumbukumbu ya miezi iliyotangulia ajali yaweza kupotea, na habari mpya zikawa hazishiki. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotusaidia kupanga mambo, kuuzuia ulimi na kuiacha hasira ipite. Ikiumia, mtu mpole huweza kuwa mkali, na mtu wa bidii akaonekana mvivu. Uchovu wake si uchovu wa kawaida, kwa kuwa ubongo ulioumia hutumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Wengine hupata kifafa baadaye. Na ajali si njia ya pekee. Kiharusi, uvimbe wa ubongo, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuanguka kutoka mnazini, na kukosa pumzi kwa aliyekaribia kuzama baharini, yote huweza kumwacha mtu mzima katika hali hii. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini haikatiki hapo. Wako wanaoendelea kupiga hatua baada ya miaka.

Kwa kuwa jeraha halionekani, watu hulitungia jina. Kaka yetu aliposimama katikati ya hafla ya maulidi akamkemea mwanawe kwa sababu ya kelele za matwari, walisema ana shetani. Alipotoka nyumbani na shilingi elfu mbili za samaki akarudi bila pesa wala samaki, walisema anavuta kitu. Alipoacha jiko la gesi likiwaka akatoka, walisema mkewe hamtunzi. Hatuna neno na dua wala kisomo. Dua ni silaha ya muumini, na nyumba ile haikukosa siku moja. Neno letu ni kwamba dua haimzuii mtu kumuuliza daktari, na kumsingizia mgonjwa si dua.

Sisi nasi tulikuwa na aibu yetu. Kila Ijumaa tulipiga simu tukauliza, "Hajambo?" Wifi akajibu, "Alhamdulillahi." Tukatuma tulichojaaliwa kwa simu, tukajiona tumetimiza wajibu. Neno Alhamdulillahi lilikuwa shukrani yake kwa Mola. Sisi tuliligeuza kuwa ruhusa ya kutokuja.

Kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri

Siku ya pili tuliamua kufuatilia siku ya kaka tangu mwanzo wake.

Msikitini hatukuwa naye, lakini mpwa wetu alituhadithia. Kaka akiswali peke yake nyumbani hupotewa na hesabu. Husimama katikati ya Adhuhuri asijue ni rakaa ya pili au ya tatu, huanza upya, kisha huanza upya tena. Dini yetu inajua kwamba mwanadamu husahau, ndiyo maana ikaweka sijda mbili za kusahau. Lakini kwa kaka kusahau ni kwa kila siku, na kulikuwa kumeanza kumkatisha tamaa na swala yenyewe. Imamu wa msikiti wa mtaani alipopata habari, hakutoa hotuba. Alimwambia kijana, "Mlete baba yako katika jamaa." Akamwonyesha mahali pamoja, safu ya pili kando ya nguzo, na wenye kuswali hapo wanajua ni pake. Katika jamaa hesabu iko kwa imamu. Maamuma hufuata: wakirukuu hurukuu, wakisujudu husujudu. Mtu aliyepotewa na hesabu humaliza swala yake sawasawa na mwenye akili timamu aliye ubavuni mwake.

Tuliposikia hayo tulielewa kwamba mambo mengine yote tuliyoyaona asubuhi ile yalikuwa ya namna hiyo hiyo.

Saa mbili kaka alikwenda kwenye karakana ya seremala mwenzake wa zamani. Hawezi tena kupima wala kukata. Vipimo humchanganya, na msumeno ni hatari kwake. Lakini mikono haikusahau msasa. Alipewa ubao wa mlango akausugua kwa saa nzima, akifuata nyuzi za mbao, na ulipokwisha ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Mwenye karakana humpa ujira mdogo kila Alhamisi mkononi mwake. "Simpi sadaka," alitwambia, kama aliyeudhika kidogo kwa swali letu. "Kama angelipiga msasa vibaya ningelimwambia."

Kutoka hapo alipita dukani. Siku hizi hachukui pesa nyingi. Mwenye duka ana daftari, na wifi hulipa mwisho wa juma. Kaka akinunua sukari mara ya pili siku hiyo hiyo, mwenye duka humwambia, "Bwana, ya leo imeshafika nyumbani," bila kuinua sauti na bila kuwakonyeza wateja wengine. Kisha aliketi na wazee barazani, mahali palepale kila siku. Mzee mmoja alitueleza kwamba wamejifunza kuzungumza na kaka mmoja mmoja, maana wakizungumza wote kwa pamoja hushika kichwa na kuondoka. Akishaanza kusugua paji la uso, mmoja wao husema, "Twende, nami naelekea huko," akamsindikiza.

Hakuna kamati iliyokaa kupanga mambo haya. Kila mmoja alibeba rakaa moja.

Adhuhuri kaka alirudi nyumbani, akala, akalala. Na kuanzia hapo, hadi Alfajiri ya pili, aliyembeba alikuwa mtu mmoja.

Nusu ya siku isiyoonekana

Wifi alituonyesha nyumba yake. Zile zidaka za ukutani ambazo wageni huzipiga picha amezigeuza kuwa kumbukumbu ya mumewe. Kidaka kimoja ni cha funguo, kimoja cha dawa, kimoja cha kofia na tasbihi, kimoja cha miwani, na kila kitu hakina ruhusa ya kulala kwa mwenziwe. Katika daftari kubwa kando ya mlango huandika kila usiku: nani alikuja, nini kilisemwa, kesho kuna nini. Kaka hulisoma kila asubuhi. Bomba la gesi hulifunga, na ufunguo wa jikoni huulalia.

Hayo yote ni ya mchana. Usiku kaka huamka saa nane akivaa ili aende kazini. Hupandwa na hasira kwa jambo dogo, kisha husahau alichosema, na aliyeambiwa hasahau. Kijana wao ameacha kuleta wenziwe nyumbani. Wifi ameacha darsa ya akina mama ya siku ya Alhamisi. Mama yake mzazi yuko Faza, kisiwani Pate, na aliugua mwaka jana. Wifi alikwenda asubuhi akarudi siku ya pili, kwa kuwa hapakuwa na wa kulala na mumewe. Akishona nguo za watu hushona usiku.

"Wanaume wa mtaa huu Mungu awalipe," alisema. "Lakini wao humwona alipopumzika. Mimi humpata alipochoka."

Tukamwuliza tumfanyie nini. Tulidhani atataja pesa, na tulikuwa tumejitayarisha.

"Pesa mnaleta, Mungu awazidishie. Mimi nataka siku," alisema.

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe ni kumzuru akiwa mgonjwa. Tumezoea kuitimiza haki hiyo kwa wingi katika majuma ya mwanzo, wakati nyumba imejaa na vyombo vya chakula havina pa kuwekwa. Mwenye homa hupona na mwenye jeraha hufunga kidonda. Mgonjwa wa namna hii huishi nasi miaka, na haki yake haina siku ya arubaini.

Tuliyoagana

Jioni ile tulikaa darini, tukawaita binamu yetu na jirani wa ukuta kwa ukuta. Hatukutoka na mpango mkubwa. Binamu atakaa na kaka kila Alhamisi kuanzia Alasiri hadi Isha, ili wifi arudi darsani. Jirani atapika siku hiyo. Sisi dada watatu, ambao ni maharimu wake na hatuna kizuizi cha kulala nyumba moja naye, tutakuja kwa zamu, kila mwezi mmoja wetu kwa juma zima, na juma hilo ni la wifi kwenda Faza au kulala tu. Kila mmoja atafika mara nne kwa mwaka. Nauli ya basi tuliipiga hesabu. Si ndogo, lakini haizidi tunazotumia kwa arusi moja.

Jambo la pili lilikuwa la karatasi. Mwenye kuumia ubongo, hata akitembea, anaweza kupimwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akapewa kadi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Kwa miaka mitatu hatukumwandikisha kwa sababu neno ulemavu lilitukaa kooni. Kaka mwenyewe hakuona tabu nalo. "Kama lina faida liandikeni," alisema.

Kwa familia zenye ndugu wa namna hii, tunayo machache tuliyoyachuma Lamu. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja. Msimsahihishe mbele ya watu. Kila kitu kiwe na mahali pake, na kila siku iwe na njia yake. Kelele ikizidi, mtoeni kabla hajaomba. Mpeni kazi anayoiweza, mumlipe. Mwenye kiti cha darsa, muulizeni mwanamke aliyetoweka amekwama wapi. Na vijana wetu wa bodaboda, pamoja na sisi tunaopanda nyuma yao tukichelea kuharibu mitandio, tuvae helmeti.

Siku ya kuondoka kaka alitusindikiza hadi gatini. Asubuhi hiyo alikuwa ametuuliza tena tumefika lini, ingawa tulikuwa na siku nne chini ya dari lake. Wifi hakuwa ameamua kila kitu, na hatukumshurutisha. Alituambia tu, "Tutaona mwezi ujao," na tulimwelewa. Ahadi alikuwa ameshazisikia nyingi.

Boti lilipowashwa, kaka aliuliza, "Wadogo zangu, mnarudi lini?"

Mdogo wetu akamtajia tarehe. Kaka akamgeukia mkewe akasema, "Iandike." Wifi akafungua mkoba, akalitoa daftari, akaiandika mbele yetu, kisha akatugeuzia ukurasa tuusome sote.